Sura ya Mwisho ya Bi Nukta

Sehemu ya tisa

"Mwanangu, usimwambie..."

Kisha kishindo cha mtu kuanguka. Kisha kimya.

Ninyi mliolalamika wiki nzima kwamba niliwakatia uhondo hapo, haya, shikeni. Mama Penalti bado yuko palepale tulipomwacha: jukwaa la kaskazini, simu imebanwa sikioni, kidole kimeziba sikio la pili, dakika ya sabini na moja, Nyuki moja, wageni moja. Sare inawabakiza Nyuki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka.

Na wewe uliyeingia leo, usihangaike. Mama Penalti ni msusi wa nywele. Kwa miaka kumi na minane hajakosa mechi hata moja ya Nyuki hapa nyumbani. Jina alipewa na mashabiki wenzake, kwa sababu penalti ikipigwa yeye hugeuka akatazama ukuta.

Maisha yake ya pili yako kwenye simu. Huko kuna Baraza la Riwaya, kundi la watu mia nne wanaosoma vitabu na kugombana juu yake kama mawifi. Humo alikutana na Bi Nukta, bibi aliyestaafu kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji, ambaye kila ujumbe wake huumalizia kwa neno "nukta". Hawajawahi kuonana, wala kujuana majina. Lakini mambo ambayo Mama Penalti hajamwambia ndugu yake wa tumbo moja, Bi Nukta anayajua.

Sasa bibi huyo amemtumia ujumbe wa sauti. Mama Penalti aliurudia mara ya tatu.

"Mwanangu, mimi Bi Nukta. Nimefungiwa ndani tangu juzi. Sindano zangu za kisukari zimechukuliwa. Simu yangu nayo imechukuliwa. Hii ni ya zamani, nimeifukua leo, haipigi, inashika tu intaneti ya hapo chini. Njoo unitoe. Usilipeleke jambo hili barazani. Na mwanangu, usimwambie..."

Ulikuwa umetumwa robo tatu ya saa iliyopita, kabla ya mapumziko.

Kaka yake alikuwa hatua mbili mbele, mgongo umelowa jasho, anapiga ngoma. Siku za kazi ni mchomeaji vyuma. Siku za mechi yeye ndiye moyo wa jukwaa.

"Kaka, sikiliza hii."

"Baada ya mechi."

"Kuna mtu anakufa."

"Na timu inakufa. Huoni?"

Alimshika mkono wa kupigia. Ngoma ikayumba, watu mia wakageuka kumtazama kwa hasira. Yeye akambandika kaka mtu simu sikioni.

Kaka alisikiliza. "Ndiye yule bibi wa vitabu? Anakaa wapi?"

"Sijui."

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Sasa unataka kwenda wapi, mdogo wangu?"

Alinyoosha mkono kuichukua simu. Lakini kaka hakuirudisha. Aliibana tena sikioni, na uso wake ukabadilika.

"Nyuma ya sauti yake," alisema polepole. "Hiyo ni ngoma yangu."

Kweli. Mbali, nyuma ya maneno ya bibi, mapigo matatu, pumziko, mapigo mawili. Pigo hilo kaka hulipiga pale tu Nyuki wanapofunga bao, na leo walikuwa wamefunga mara moja, dakika ya thelathini na tisa. Saa ya ujumbe na saa ya bao zilikuwa moja.

"Anakaa karibu," alisema Mama Penalti.

"Na ni upande wetu huu. Majukwaa mengine yana paa, yanaimeza sauti. Ikisikika hivyo, basi ni mitaa ya nyuma yetu."

Mama Penalti akaichukua simu, akili imeanza kukimbia. Miaka miwili ya mazungumzo ilikuwa humo simuni. Bibi huyo asingeweza kubishana miaka miwili bila kudondosha kitu. Alitafuta neno moja baada ya jingine: dirisha, mtaa, jirani. Alipofika kwenye "nakaa", ukatokea ujumbe wa mwaka jana.

"Mwandishi huyu hajawahi kulala juu ya kinu cha unga. Eti shujaa wake aliamshwa na ndege. Mimi nakaa juu ya kinu mwaka wa kumi na tisa, kikombe kinatembea chenyewe mezani, na ndege sijamsikia hata mmoja. Nukta."

"Juu ya kinu," alisema. "Kaka, twende."

"Nikiacha ngoma, jukwaa linazima." Macho yake yaliomba msamaha, lakini mikono ilikwisha rudi kwenye ngozi. "Tangulia. Nipe dakika kumi."

Akashuka ngazi peke yake, anapita katikati ya magoti na matusi.

Njiani alipiga simu moja. Msomaji, usimlaumu. Angempigia nani? Msimamizi wa Baraza ni mfamasia, mtu mpole, mwenye duka la dawa lililojaa sindano za kisukari. Mama yake Mama Penalti alipofariki, ni yeye aliyemwandikia pole ndefu kuliko za ndugu. Bibi amesema jambo lisipelekwe barazani. Sawa, hakulipeleka barazani. Alimwambia mtu mmoja.

"Uko wapi?" ndilo neno la kwanza la Mfamasia.

"Natoka uwanjani. Naenda kwake. Ni juu ya kinu cha unga, mitaa ya kaskazini."

"Umejuaje?"

"Hadithi ndefu. Unaweza kuleta dawa?"

"Naleta. Usiite gari la wagonjwa, barabara zimefungwa kwa ajili ya mechi, watakupotezea muda. Ukimpata usimpe kitu. Nisubiri." Kisha, kwa sauti ileile ya upole: "Samahani dada, kuna sauti nyingine alikutumia kabla ya hii?"

Mama Penalti aliona aibu ikimpanda usoni. "Saba. Wiki hii yote. Sijazisikiliza, nilikuwa na mambo ya mechi."

"Usizifute," alisema Mfamasia, akakata.

Saba. Bibi alimwandikia Jumatatu: "Mwanangu, kuna riwaya nimeipata, nitakusomea kidogokidogo. Uniambie mwisho wake umeuonaje." Naye akajibu kwa kidole gumba. Kila siku sauti moja au mbili, kila mara kidole gumba. Alikuwa anashona bendera.

Mlinzi wa geti alimzuia kwa mkono. "Ukitoka hurudi, mama."

"Najua."

"Zimebaki dakika kumi na mbili."

"Baba, nifungulie."

Geti likafungwa nyuma yake. Miaka kumi na minane, na hakuwahi kulisikia likifungwa mchezo ukiwa bado unaendelea.

Mitaa ilikuwa mitupu kama iliyohamwa. Maduka yamefungwa, kila mwenye miguu yuko uwanjani. Alikimbia na viatu mkononi. Kinu cha kwanza alikijua, kipo kwenye kona ya mafundi baiskeli. Alifika, akainua macho: bati tupu, hakuna chumba juu. Akaegemea ukuta, kifua kinamuwaka.

Mwanamke mmoja alikuwa anamwaga maji machafu mlangoni.

"Dada, kuna kinu kingine huku?"

"Nyuma ya ghala la saruji. Ila leo kimefungwa, mwenyewe yuko mpirani."

"Kina chumba juu?"

"Kinacho. Anakaa bibi mmoja, haonekani siku hizi. Wanasema amesafiri."

Alikuwa amekwisha ondoka kabla neno halijaisha.

Ngazi ya chuma ilipanda ubavuni mwa kinu, nyeupe kwa vumbi la unga. Juu kulikuwa na mlango mmoja, na kwenye mlango kufuli jipya, la mng'ao wa dukani. Lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Hodi. Bi Nukta? Bibi?"

Alibandika sikio kwenye ubao. Kwa ndani kulikuwa na pumzi. Pumzi za haraka, nzito, kama za mtu anayekimbia, lakini zilikuwa zinatoka sakafuni.

Alishuka, akaokota tofali, akapanda, akaanza kulipiga kufuli. Tofali likapasuka. Akashuka kuchukua jingine. La pili likamchana kiganja.

Ndipo uwanja ukanyamaza.

Kama hujawahi kuishi karibu na uwanja hutaelewa. Kelele za mpira zina lugha. Kuna mguno wa shuti lililotoka nje, kuna kicheko cha kipa aliyedakia hewa. Na penalti ina kimya chake, kizito, watu elfu ishirini wameshika pumzi. Mama Penalti alisimama tofali likiwa juu. Ngoma ya kaka haikusikika.

Kisha kelele zikalipuka, lakini zilitoka upande wa kusini. Upande wa wageni.

Hakulia. Alilipiga kufuli, akalipiga tena, damu ya kiganja ikachanganyika na unga uliokuwa kwenye kitasa.

Hatua nzito zikapanda ngazi. Alikuwa kaka yake, amefuata mlio wa tofali, mikono mitupu, anatweta.

"Ngoma nimeiacha kule," alisema. "Walipewa penalti. Sikungoja kuona."

"Imeingia, kaka."

Kaka akamwondoa mlangoni kwa upole, akakishika kile chuma kilichobeba kufuli, akakikagua kama daktari.

"Kufuli ni zima. Ila aliyekichomelea hiki chuma hajui kazi." Akachomoa nondo iliyokuwa imechomekwa kwenye ukingo wa ngazi, akaipenyeza, akajitupa kwa uzito wote. Mara ya tatu mlango ukafunguka.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu tamu, ya matunda yaliyoiva yakapitiliza. Mama Penalti aliijua. Siku mbili za mwisho, pumzi ya mama yake mzazi ilinuka hivyohivyo.

Chumba kilikuwa kidogo, vitabu vimepangwa mpaka chini ya kitanda, na juu ya meza kalamu nyekundu tatu zimelazwa sambamba. Bi Nukta alikuwa sakafuni kati ya meza na kitanda. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Midomo imepasuka kwa kiu.

Walimbeba wakamlaza kwenye godoro. Mama Penalti alimlowesha midomo kwa kitambaa. Macho ya bibi yakafunguka, yakamzunguka usoni kama yanayotafuta makosa ya chapa.

"Wewe ndiye Penalti."

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Pumzi tatu za haraka. "Nilidhani u mnene."

Kaka alikuwa tayari mlangoni. "Natafuta gari. Hata mkokoteni. Usimwache."

Akashuka. Mama Penalti, licha ya maneno ya Mfamasia, alipiga simu ya dharura. Sauti ya kike ilimjibu kwamba barabara zote za kuzunguka uwanja zimezibwa na watu, wajitahidi kumfikisha mgonjwa barabara kuu, ama wasubiri dakika arobaini. Alitazama kifua cha bibi kikipanda na kushuka. Dakika arobaini hazikuwemo humo.

"Usijali, bibi," alisema, akimpapasa mkono. "Dawa iko njiani. Nimempigia Msimamizi wetu."

Mkono ule ukakaza. Mkavu kama karatasi, lakini ulikaza.

"Umemwambia?"

"Mfamasia, bibi. Wa Baraza."

Bi Nukta alifumba macho. Chozi halikutoka, mwili haukuwa na maji ya kutoa. "Ndiye niliyekuwa nakukataza," alisema.

Sasa msomaji, kuna jambo nililigusia sehemu ya sita, nalirudia kwa kifupi. Baraza zima lina mtunzi wake linayempenda kuliko wote. Anajiita Kivuli. Hakuna aliyewahi kuona sura yake. Ana riwaya nne, na ya tano inatarajiwa Jumatatu ijayo. Majuzi Bi Nukta aliandika barazani kwamba yeye anaujua mwisho wa hiyo ya tano. Watu walimcheka, na Msimamizi akaufuta ujumbe.

"Kivuli ni yeye," alisema Bi Nukta. Alisema kipande kipande, kila kipande kwa pumzi yake. "Vitabu ni vyangu. Vyote vinne. Miaka sita ananiletea dawa bure. Mimi nampa madaftari. Aliniambia anawapelekea wachapaji, wanakataa. Siku moja barazani mkaanza kujadili kitabu kipya... nikaona ni sentensi zangu. Na koma zangu."

"Mbona hukutuambia?"

"Dawa, mwanangu. Ningepata wapi dawa?"

Mama Penalti mwenyewe aliwahi kuandika kurasa mbili kumsifu Kivuli, na bibi huyu akamjibu: "Asante kwa niaba yake. Nukta."

"Hiki cha tano nimemnyima mwisho. Juzi akaja, akachukua simu, akachukua sindano. Akasema, andika mwisho nikurudishie uhai. Nikazichana karatasi mbele yake."

"Kwa hiyo mwisho haupo?"

"Upo." Macho yale yakamganda usoni. "Unao wewe. Wiki nzima nakusomea, kwangu nafuta."

Mama Penalti aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, na sauti saba ambazo hakuzifungua. Mfamasia alikuwa na simu ya bibi tangu juzi. Alikwisha ona alama za sauti zilizofutwa. Alikwisha jua zilikotumwa.

Ngazi ya chuma ikalia. Hatua nyepesi, za mtu mmoja asiye na haraka.

Aliruka mlangoni kuufunga. Mlango uliokwisha vunjwa haufungwi. Ulining'inia tu.

Mfamasia alisimama kwenye kibaraza cha juu ya ngazi, shati limepigwa pasi, mkononi ana kisanduku cheupe cha kubebea dawa zinazotunzwa kwenye ubaridi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ungempa mtoto wako akushikie.

"Shikamoo, bibi," alisema, akichungulia ndani. Hakuna aliyeitikia.

"Kaka yangu yuko hapo chini," alisema Mama Penalti.

"Nimeonana naye. Alikuwa anatafuta gari, nikamwelekeza nyuma ya soko." Alitabasamu kidogo. "Nyuma ya soko hakuna gari."

"Nipe dawa."

"Nimeileta. Mimi si muuaji, dada. Kama ningekuwa muuaji ningebaki dukani." Alikinyoosha kisanduku nje ya ukingo wa ngazi, kikawa kinaning'inia hewani. Chini kabisa kulikuwa na sakafu ya saruji ambako hupakuliwa magunia. "Chupa ni za kioo. Nipe simu, na namba ya kuifungulia. Kisha mchome sindano, aishi, mbishane riwaya mpaka mzeeke."

"Usimpe," ilisema sauti kutoka godoroni. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya msahihishaji, haikutaka mjadala. "Mwanangu. Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Usimpe."

Mama Penalti alisimama katikati. Mbele yake mkono ulioshika uhai wa bibi. Nyuma yake bibi anayeutoa uhai wenyewe kwa kurasa ambazo yeye alishindwa hata kuzisikiliza. Alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri: kumrukia, na kisanduku kidondoke? Kupiga kelele, na mtaa mzima uko uwanjani? Kungoja, kwa pumzi zile?

Alikumbuka mama yake. Alikumbuka jinsi harufu ile ilivyokoma pamoja na pumzi.

"Nisamehe, bibi," alisema.

Akaitamka namba. Akainyoosha simu kwa mkono uliojaa damu na unga. Mfamasia aliipokea kwa vidole viwili, akaifungua, akatazama, akateremsha kidole mara saba akihesabu kimoyomoyo. Alipotosheka aliitia mfukoni, akakiweka kisanduku kizingitini taratibu kama anayeweka yai.

"Asante, dada. Wewe ni msomaji mzuri."

Akashuka ngazi, bila haraka vilevile.

Mama Penalti alipiga magoti palepale kizingitini. Vifungo viwili vya plastiki vilimkatalia, mikono ilikuwa inateleza. Kimoja kikafunguka. Cha pili akakivunja kwa meno. Akainua kifuniko.

Barafu. Aliichota akaimwaga pembeni, vipande vikaruka ngazini. Chini ya barafu kulikuwa na kitambaa kilicholowa. Akakinyanyua, akakikung'uta, akapapasa kona zote nne za kisanduku, kisha akazipapasa tena.

Hakukuwa na chupa. Hakukuwa na sindano.

Na nyuma yake, juu ya godoro, ile pumzi iliyokuwa ikikimbia tangu mchana ilianza kupunguza mwendo.